Kwihara: Toroli 4 kwa Siku

Ukitoka Tabora mjini kwa baiskeli, Kwihara si mbali. Haifiki kilometa 10. Njia ni ya mchanga. Mahali pengine mchanga ni mwingi mno, inakubidi ushuke na kusukuma. Pembeni kuna miembe mikubwa ya siku nyingi. Mbele unaona vilima vyenye mawe makubwa. Hapo umefika.

Nilikwenda huko tarehe 15 Septemba. Nilikuwa na shughuli mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kazi. Mama mmoja aliomba ushauri juu ya shamba lake lililochoka. Ya pili ilikuwa yangu mwenyewe. Mimi ni Bwana Shamba wa miaka mingi. Cheti changu cha kilimo nilikipata Tumbi, papa hapa Tabora. Lakini sikuwahi kuingia ndani ya ile nyumba ya zamani ya Kwihara. Nilipita nje mara nyingi, na kila mara nilisema, nitaingia siku nyingine. Safari hii niliingia kwanza, kabla sijaenda popote.

Nyumba hiyo ni tembe. Ina kuta nene za udongo na paa bapa. Mlango wake ni wa mbao zilizochongwa nakshi, kama milango ya pwani. Nyumba unayoiona leo ilijengwa upya kwa mfano wa ile ya zamani. Sasa ni makumbusho. Ndani mna picha, ramani na nakala za barua. Humo ndani ni baridi hata kama nje jua linawaka.

Watu wengi wanajua nyumba hii kwa sababu ya Wazungu wawili, Stanley na Livingstone. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la Marekani. Alifika hapa mwezi wa Juni, 1871, akimtafuta Livingstone. Lakini njia ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa. Mtemi Mirambo alikuwa akipigana na Waarabu wa Tabora. Mwezi wa Agosti mwaka ule Mirambo aliwashinda, akaingia Tabora akaichoma moto. Stanley alijifungia Kwihara kwa hofu. Mwezi wa Septemba aliondoka kwa njia ya kusini, akamkuta Livingstone Ujiji. Februari 1872 walirudi hapa wote wawili. Mwezi wa Machi Stanley alikwenda zake pwani. Livingstone alibaki Kwihara miezi mitano na zaidi, akingoja watu na vitu kutoka pwani. Aliondoka tarehe 25 Agosti, 1872, hakurudi tena.

Hayo yameandikwa katika vitabu vingi. Mimi nilisimama zaidi mbele ya habari nyingine. Livingstone alifariki Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, Susi na Chuma pamoja na wenzao, waliukausha mwili wake kwa jua. Wakaufunga kwa magome ya mti na nguo. Kisha wakaubeba kwa miguu kuelekea pwani. Oktoba 1873 walifika hapa Kwihara. Walimkuta Mwingereza mmoja aitwaye Cameron. Cameron aliwashauri wamzike hapa hapa, kwa maana njia iliyobaki ilikuwa ndefu na ya hatari. Walikataa. Wakaendelea. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Walikuwa wamekwenda zaidi ya kilometa 1,500, kwa muda wa miezi 9. Livingstone alizikwa London Aprili 1874.

Nilijiuliza, asubuhi ile ya kwanza pale Chitambo walisema nini? Kama wangefikiri habari za kilometa zote zile kwa mara moja, nadhani wangekaa chini.

Msafara wa zamani ulikuwa na utaratibu wake. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Waliamka alfajiri, wakatembea saa chache, na kabla jua halijawa kali walitua mizigo. Mwaka 1857 Mwingereza Burton alitumia siku 134 kutoka pwani mpaka Tabora. Ni mwendo wa kilometa 800 na zaidi. Ukigawanya, unapata kilometa 6 kwa siku. Mtoto wa shule anaweza kwenda hivyo. Bila shaka siku nyingine hawakwenda kabisa. Waliugua, walisubiri chakula, walijadiliana na watemi juu ya hongo. Lakini walifika.

Nisiisifu njia ile kupita kiasi. Ilipitisha pembe za ndovu, na pia ilipitisha watumwa. Watu waliofungwa minyororo hawakuchagua mwendo wala mzigo. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua mizigo kwa ujira, na kazi yao ilijulikana hata pwani. Mambo hayo mawili yasichanganywe. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora kutoka Dar es Salaam, na kazi ya kubeba mizigo kwa kichwa mpaka pwani ikaisha.

Basi nikatoka, nikapanda baiskeli, nikaenda kwa yule mama.

“Mwangaluka, mama.”

“Mwangaluka, baba. Karibu. Ndiwe Bwana Shamba?”

Mama huyo ni mjane wa miaka 60 na kitu. Anaishi na wajukuu wawili. Ana ng’ombe 4 wa kienyeji na ng’ombe mmoja chotara wa maziwa. Shamba lake la mahindi ni ekari 2. Udongo wa huku ni wa kichanga. Haushiki maji, wala haushiki chakula cha mimea. Ukilima mahali pale pale miaka mingi bila mbolea, unachoka. Mwaka uliopita alivuna gunia 3 tu katika ekari zote mbili. Mkulima mmoja wa tumbaku alikuwa ameomba kumkodi shamba hilo kwa miaka kadhaa. Mama alikuwa anafikiri akubali. Pesa ya kukodisha ingemsaidia mwezi mmoja au miwili. Baada ya hapo angekula nini yeye na wajukuu?

Nilikuwa tayari kumwambia habari za mbolea ya samadi. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno yangu njiani. Aliniongoza nyuma ya nyumba, na maneno yangu yakaisha.

Zizi lake lilikuwa na upana wa hatua 6 kwa 6. Samadi ilikuwa imejaa karibu kufika magotini. Ilikuwa ya miaka 6, tangu mumewe alipofariki. Zamani mume alikuwa na maksai na mkokoteni. Kila kiangazi alihamisha samadi kwenda shambani. Alipougua maksai waliuzwa kwa ajili ya matibabu. Mkokoteni ukaliwa na mchwa. Watoto wako mijini. Walisema, “Mama, subiri, tukipata pesa tutakodi trekta.” Alisubiri miaka mitatu.

“Sasa sisubiri tena,” alisema. “Tazama pale.”

Upande mmoja wa zizi ulikuwa mtupu. Ardhi ilionekana. Chini ya mwembe palikuwa na lundo zuri la samadi, limefunikwa kwa majani makavu. Karibu na mlango wa zizi palining’inia kikapu. Ndani mlikuwa na magunzi ya mahindi.

“Kila toroli moja ni gunzi moja,” alinieleza. “Asubuhi toroli 2. Jioni toroli 2. Nilianza tarehe mosi.”

Nikayahesabu magunzi. Yalikuwa 58.

Nilimwuliza kwa nini 4, si 10. Alicheka. Alisema siku ya kwanza kabisa, mwezi wa Agosti, alijaribu kumaliza kwa nguvu. Alitoa toroli 15. Usiku hakulala kwa maumivu ya mgongo, na wiki nzima hakushika beleshi. Ndipo akajipimia. Toroli 4 zinamwacha na nguvu za kukamua, za kupika na za kwenda kisimani.

Tukakaa chini ya mwembe tukapiga hesabu pamoja. Toroli yake inachukua debe 3. Samadi yake ni kavu, kwa hiyo debe moja ni kama kilo 10. Toroli moja ni kilo 30. Nikashangaa. Huo ni karibu sawa na mzigo wa mpagazi wa zamani! Toroli 4 ni kilo 120 kwa siku. Nilipima zizi kwa hatua na kijiti, nikakisia kwamba samadi yote ni kama toroli 200. Hizo ni kilo 6,000, yaani tani 6. Kwa ekari 2 ni tani 3 kila ekari. Inatosha kuweka konzi 2 katika kila shimo la mahindi.

Toroli 200, kwa toroli 4 kila siku, ni siku 50. Mvua za Tabora huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba. Siku zilikuwepo, lakini hazikuwa nyingi.

Nilimsimulia habari za msafara na za Burton na siku zake 134. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, “Mpagazi alikuwa haulizi Bagamoyo iko wapi, baba. Aliuliza maji ya leo yako wapi.” Akaamka kwenda kumtazama ng’ombe.

Hapo napenda nikueleze ndugu msomaji kazi zake za banda, kwa sababu ndizo zilizonifundisha zaidi kuliko lile lundo.

Yule ng’ombe wa maziwa ana banda lake dogo. Mama huingia alfajiri. Kwanza hafanyi kazi yoyote. Anasimama tu na kutazama. Je, ng’ombe amesimama vizuri? Anacheua? Pua ina majimaji? Amekula majani ya usiku? Kisha anatoa mavi mabichi ya usiku huo kwa beleshi. Yako machache, kwa hiyo kazi ni ya dakika 10. Anapiga majivu mahali palipolowa. Halafu ananawa mikono kwa sabuni, anaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kukipangusa kwa kitambaa safi. Matone ya kwanza ya kila chuchu anayakamulia juu ya kifuniko cheusi cha sufuria. Kama maziwa yana mabonge au damu, yataonekana hapo hapo kwenye weusi. Ndipo anakamua.

Wajukuu nao wana kazi yao. Ng’ombe anayekamuliwa anaweza kunywa lita 50 na zaidi za maji kwa siku. Maji hayo hutoka kisimani, ndoo baada ya ndoo. Tena kila mtoto anaporudi kisimani huokota jiwe moja na kulileta. Nilidhani ni mchezo. Kumbe sakafu ya banda imejengwa kwa mawe hayo hayo. Yamepangwa vizuri na kushindiliwa kwa udongo, yenye mteremko ili mkojo utoke nje. Kazi hiyo ilichukua kiangazi kizima cha mwaka juzi. Hakuna aliyelipwa hata senti.

Nilitazama sakafu ile, nikanyamaza. Nitakueleza kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe nilifuga ng’ombe wawili wa maziwa. Asubuhi nilitoka mapema kwenda vijijini kufundisha watu. Jioni nilirudi nimechoka. Nikajipangia kwamba banda litasafishwa Jumamosi. Jumamosi nyingine kulikuwa na mkutano, na nyingine kulikuwa na msiba. Ilipofika masika banda lilikuwa tope mpaka juu ya kwato. Kuingia humo kulinichukiza, na kwa sababu kulinichukiza nikazidi kuahirisha. Ng’ombe mmoja akapata ugonjwa wa kiwele. Nilipogundua, chuchu mbili zilikuwa zimeharibika kabisa. Hakupona. Niliyempa jina na kumlea tangu ndama nilimwuza kwa wachinjaji, kwa bei ya nyama. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakilipia mahitaji ya shule ya mwanangu.

Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu usafi wa banda! Nilijua kila neno la somo. Nilizoea hata kuwaambia wanakijiji kwamba bandu bandu huisha gogo. Kwangu gogo lilikuwa likiongezeka kila siku, nami sikubandua hata kipande kimoja.

Nilimwambia mama habari hiyo. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, “Uliuza kwa bei gani?” Nilipomtajia, akatikisa kichwa.

Nadhani jambo moja lisieleweke vibaya. Si kila kazi inafaa kugawanywa vipande. Mvua ya kwanza ya kupandia ikinyesha, hakuna habari ya mistari 4 kwa siku. Kila mwenye mkono ashike jembe. Ng’ombe akiumwa leo, mwite mtaalamu wa mifugo leo. Kungoja ni kumwua. Kazi inayofaa kugawanywa ni ile inayojilimbikiza polepole, kama mavi ya zizi, magugu ya kiambazani au deni la dukani. Iliingia kidogo kidogo. Inaweza kutoka kwa njia ile ile iliyoingilia.

Mimi nilikuwa na ushauri wangu pia, nisije nikaonekana nimekwenda kunywa maziwa tu. Samadi ya juu ilikuwa bado mbichi. Samadi mbichi huunguza mimea na huleta mbegu za magugu. Nilimwonyesha jinsi ya kupanga lundo kwa tabaka na kunyunyiza maji kidogo, hata yale ya kuoshea vyombo. Tulichomeka kijiti kirefu katikati ya lundo. Baada ya siku chache ukikichomoa na kukishika, kikiwa cha moto, jua kwamba samadi inaoza vizuri. Kikiwa cha baridi na kikavu, ongeza maji. Baada ya wiki 3 lundo ligeuzwe. Nilimwambia pia asiimwage samadi shambani mapema na kuiacha juani, kwa maana nguvu yake hupotea. Asubiri mashimo. Mjukuu mkubwa, ambaye yuko darasa la sita, aliandika yote katika daftari. Bibi yake alimwambia amsomee tena, taratibu. Alimsimamisha mara mbili na kusahihisha.

Juu ya kukodisha shamba sikusema kitu. Hilo si langu.

Nilirudi tarehe 25 Oktoba, saa za jioni. Joto lilikuwa kali na mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa mashariki. Miembe ilikuwa na maembe mabichi. Nilipita mbele ya tembe bila kusimama.

Kikapu cha kwanza kilikuwa kimejaa. Cha pili kilining’inia kando yake. Nilihesabu magunzi yote. Yalikuwa 186. Kwa siku zilizopita yangekuwa zaidi ya 210. Mama alieleza kwamba kulikuwa na msiba wa siku 3 kwa ndugu, na siku 5 yeye mwenyewe alilala kwa malaria.

“Ulipopona ulitoa toroli ngapi kwa siku, ili kufidia?”

“4.”

“Hukulipa zile siku 8?”

“Nimlipe nani?” aliuliza. Akaendelea kujaza toroli.

Zizi lilikuwa limebaki kona moja tu. Chini ya mwembe malundo yalikuwa 3, na la kwanza lilikuwa jeusi, laini, halina harufu tena. Mashimo ya mahindi yalikuwa yameanza kuchimbwa upande wa chini wa shamba, nayo pia kwa kiasi cha kila siku. Yule mkulima wa tumbaku, niliambiwa, alikuja tena akaona malundo, akaaga.

Nilivua viatu nikashika beleshi ili nimsaidie. Mara chuma kikagonga chuma. Mama aliinama akafukua kwa mikono. Ilikuwa ni jembe, limeliwa na kutu, halina mpini.

Alilipangusa kwa kitenge. Alilitazama sana.

“La marehemu,” alisema. “Tulilitafuta mwaka mzima. Mimi nilisema jirani ndiye aliyeiba. Hatujasalimiana vizuri tangu siku ile.”

Wajukuu walicheka mpaka wakashika matumbo. Yeye hakucheka. Aliliegemeza jembe kwenye nguzo ya zizi, mahali ambapo mtu yeyote anayepita njiani angeliona.

“Kesho asubuhi nitampelekea maziwa,” alisema. Kisha akachukua gunzi la 187, akalitia kikapuni, akasukuma toroli kuelekea mwembeni. Ilikuwa ya tatu kwa siku ile.